Lenzi Haigeuzwi na Barabara ya Ubundu

Kati ya Kisangani na Ubundu, mashariki mwa Kongo, kuna kilomita zipatazo 125, na hakuna hata moja iliyo rahisi. Reli ambayo kampuni ya CFL iliikamilisha mwaka 1906, ili mizigo ikwepe maporomoko ya Boyoma, imekuwa ikipitisha treni kwa kubahatisha. Barabara ya Wanie-Rukula nayo ni ya pikipiki, matope na madaraja ya magogo. Kwa hiyo mgonjwa wa mtoto wa jicho aliyeshuka mjini kupasuliwa ana haki ya kuuliza kabla ya kufunga mzigo wake: "Dokta, hii pikipiki ya kurudi haitanigeuzia lenzi?"

Kwa wagonjwa wengi jibu ni fupi. Lenzi ya kawaida inayopandikizwa baada ya kutolewa mtoto wa jicho ina nguvu ileile pande zote, hivyo hata ikizunguka nusu duara mwenye jicho hatajua. Swali linakuwa zito pale tu lenzi iliyowekwa ni ya toriki, yaani ile iliyotengenezwa kurekebisha astigmatizimu. Hiyo ina mhimili. Ikielekezwa sawasawa inanyoosha taswira. Ikipinda, inaharibu kazi iliyolipiwa.

Msimamo wa safu hii ni huu: lenzi toriki inayogeuka hugeuka, mara nyingi mno, kwa sababu ya yaliyotendeka mezani na katika saa chache zilizofuata. Barabara ya siku ya nane haina hatia. La pili litawaudhi baadhi ya wenzetu wa mijini: kwa mkazi wa Ubundu wa leo, fedha na akili zinazoelekezwa kwenye lenzi toriki zingezaa matunda zaidi kwenye kipimo cha konea, kwenye upande ambao mkato unachanjwa, na kwenye miwani.

Tuanze na jicho lenyewe. Konea ni kile kioo angavu cha mbele. Kama kimejikunja sawasawa kila upande, miale yote hukutana mahali pamoja. Kwa watu wengi haiko hivyo. Konea yao ina umbo la ubavu wa mtumbwi, ambao ukiupapasa kwa mapana umejikunja sana na ukiupapasa kwa urefu umenyooka zaidi. Miale ya upande mmoja hukutana mapema, ya upande mwingine huchelewa, na herufi au uso wa mtu huvutika na kuwa na kivuli. Tofauti hiyo hupimwa kwa dayopta. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2009, uliopima macho 4,540 ya watu waliokuwa wakingoja kupasuliwa mtoto wa jicho, ulikuta kwamba zaidi kidogo ya moja kati ya macho matano yalikuwa na astigmatizimu ya konea ya dayopta 1.5 au zaidi. Mwenye kiasi hicho akiwekewa lenzi ya kawaida ataona, lakini hataona vizuri bila miwani.

Wazo la kuweka tiba ya astigmatizimu ndani ya lenzi yenyewe si la jana. Harold Ridley alipandikiza lenzi ya kwanza katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1949. Miaka ya mwanzo ya 1990 Kimiya Shimizu wa Japani alijaribu lenzi toriki ngumu kupitia mkato mpana. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha toriki ya kwanza inayokunjika, ya silikoni, yenye umbo la kibao. Kwa baadhi ya wagonjwa iliteleza kiasi cha kulazimu kurudishwa mahali pake. Toriki za akriliki, zinazonata zaidi kwenye kifuko cha lenzi, ziliidhinishwa huko mwaka 2005, na ndizo zilizoifanya biashara hii kuwa kubwa. Leo hospitali za binafsi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zinaziweka.

Hesabu ya kupinda haina huruma. Kila digrii moja ambayo lenzi inakosa mhimili wake hupunguza takriban asilimia 3.3 ya kazi yake. Ikipinda digrii 10, theluthi imekwenda. Ikifika 30, faida yote imetoweka: jicho linabaki na astigmatizimu ya ukubwa uleule wa mwanzo, ila sasa inaelekea upande mwingine, na ubongo uliokuwa umezoea ile ya zamani unaanza kujifunza upya. Ikipita hapo, mgonjwa ameongezewa tatizo kwa gharama yake mwenyewe. Mwenye astigmatizimu ya dayopta 3 ambaye lenzi yake imepinda digrii 10 anabaki na dayopta moja. Huyo atasoma namba kwenye noti, lakini kumtambua mtu aliye ng'ambo ya uwanja ni kazi nyingine.

Sasa, lenzi hugeuka vipi?

Mambo huanza kabla mgonjwa hajalala. Akiwa ameketi wima, kichwa kimenyooka, macho mbele, daktari humtia alama mbili ndogo za wino kwenye ukingo wa konea, moja kushoto na moja kulia. Sababu yake ni kwamba mtu akilala chali jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake. Kwa kawaida digrii mbili hadi nne, kwa wachache zaidi ya kumi. Anayetia alama mgonjwa akiwa ameshalala amekwishapoteza digrii hizo, na kesho yake atasema lenzi imegeuka ilhali haijasogea hata unywele. Hii ndiyo aina ya kwanza ya kupinda: lenzi iliwekwa vibaya tangu mwanzo. Huhesabiwa pamoja na ile iliyozunguka baadaye, na kuchanganya mambo haya mawili kumewafanya watengenezaji walaumiwe kwa makosa ya wino.

Kisha kuna kifuko. Mtoto wa jicho anapotolewa, ngozi nyembamba iliyomzunguka huachwa ndani, na humo ndimo lenzi mpya inamolazwa, ikishikiliwa na mikono yake miwili inayosukuma kuta. Kifuko kimetoka kubeba kitu kinene. Lenzi mpya ni nyembamba. Kwa hiyo mwanzoni kuna nafasi, na katika nafasi hiyo kuna jeli, ile inayotumiwa kulinda konea wakati wa kazi. Daktari mwenye haraka hunyonya jeli ya mbele ya lenzi na kuiacha ya nyuma. Lenzi inabaki inaelea. Katika macho marefu, ya watu wenye mayopia kali (wasioona mbali), kifuko nacho ni kikubwa, na mikono ya lenzi haifikii kuta kwa nguvu ya kutosha. Jambo la tatu husahauliwa: mkato unaovuja. Maji yakitoka jioni ile, sehemu ya mbele ya jicho inasinyaa, kifuko kinajikunja, na lenzi inazunguka nacho.

Baada ya hapo mwili unaingia kazini. Kuta za mbele na za nyuma za kifuko hukaribiana na kuikumbatia lenzi, protini zinaigandisha, na katika wiki zinazofuata nyuzinyuzi za kovu huibana mahali pake. Toka hapo lenzi ni sehemu ya jicho. Watafiti wa Japani waliochapisha mwaka 2017 walipima lenzi hizi muda mfupi baada ya upasuaji na tena baadaye, wakaona kwamba mzunguko mkubwa kuliko wote ulitokea ndani ya saa ya kwanza. Ndani ya saa ya kwanza mgonjwa wa Ubundu bado amekaa kwenye benchi la hospitali mjini, kiraka jichoni, akingoja chai.

Lenzi zenyewe pia hazifanani. Bryan Lee na David Chang wa California walilinganisha mwaka 2018 aina mbili mashuhuri katika macho 1,273 mfululizo. Za aina ya kwanza, karibu 92 kati ya 100 zilibaki ndani ya digrii 5 za mahali zilipokusudiwa. Za aina ya pili, karibu 82. Mtengenezaji wa aina ya pili baadaye alitoa toleo jipya lenye mikono iliyokwaruzwa ili ishike zaidi. Somo kwa anayeagiza lenzi kwa ajili ya hospitali ya mkoani ni kuuliza kuhusu mikono ya lenzi kabla ya kuuliza kuhusu bei, na kuwa na wasiwasi na toriki ya bei poa ambayo hakuna aliyeipima ikiwa ndani ya jicho la mtu.

Turudi kwenye pikipiki. Siku ya kwanza mgonjwa asisafiri, na hilo halihitaji mjadala: jeraha ni bichi, maambukizi yanaweza kuanza, na pigo la jicho ni hatari kwa lenzi ya aina yoyote. Lakini baada ya wiki ya kwanza kifuko kimeshaanza kushika, na kutikisika kwa mwili mzima juu ya kiti cha pikipiki hakuzungushi kitu kilichoshikwa kutoka ndani ya jicho. Vivyo hivyo kuinama mtoni kuchota maji, kupiga chafya au kulalia ubavu. Makatazo ya mwezi mzima ambayo wagonjwa hupewa yana faida kwa jeraha. Kuyafanya sababu ya lenzi kupinda ni kumtupia mgonjwa lawama za chumba cha upasuaji. Mama aliyerudi shambani akaona ukungu huambiwa alibeba kuni mapema. Mara nyingi hakuna aliyempanua mboni kutazama lenzi imekaa wapi.

Ukungu unaokuja baada ya mwaka mmoja au miwili ni habari nyingine kabisa. Ukuta wa nyuma wa kifuko umeota utando, na mwale wa leza unautoboa kwa dakika chache bila kisu. Watu husema "mtoto wa jicho amerudi" au "mwili umeikataa lenzi". Hajarudi, wala mwili haukukataa kitu. Kuna pia wanaoahidiwa kwamba toriki itawaondolea miwani maishani. Toriki ya kawaida hurekebisha kuona mbali. Mzee wa miaka 60 atakayetaka kusoma maandiko au kutunga uzi kwenye sindano bado atahitaji miwani ya karibu, na asipoambiwa mapema atadhani ametapeliwa. Kwa haki kabisa.

Kama lenzi imepinda kweli, inaweza kurudishwa. Hapa ndipo jiografia ya Tshopo, mkoa wa Kisangani na Ubundu, inapoingia. Timu ya Tetsuro Oshika ilipitia macho zaidi ya 6,400 yaliyowekewa toriki nchini Japani na kuripoti mwaka 2018 kwamba 42 tu ndiyo yaliyorudi mezani kuzungushwa upya. Waliorudishwa mapema mno, kabla ya wiki kupita, walibaki na kosa kubwa zaidi kuliko waliongoja wiki moja. Ukiwahi, kifuko bado ni kilegevu na lenzi inaweza kuteleza tena. Ukichelewa miezi, kovu limeshaibana na kuing'oa ni hatari. Dirisha, basi, ni kuanzia kama siku ya saba hadi wiki chache za mbele. Kwa mkazi wa mtaa wa Makiso, Kisangani, hiyo ni safari ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Kwa mtu wa Ubundu ni ama alale mjini siku nane kwa ndugu, ama apande pikipiki mara mbili zaidi, pamoja na mtu wa kumshika mkono. Gharama hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya bei ya lenzi, nayo ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa kliniki yoyote ya Kisangani inayofikiria toriki ingekuwa ya ratiba. Asubuhi ya siku ya pili mboni ipanuliwe kwa matone, daktari aangalie kwa darubini nukta ndogo zilizochorwa kwenye ukingo wa lenzi, asome mhimili wake na kuuandika kwenye fishi ya mgonjwa pamoja na mhimili uliokusudiwa. Namba mbili, wino unaosomeka. Siku ya saba zisomwe tena. Ikipatikana tofauti inayozidi digrii 10 na mgonjwa analalamika, azungushiwe papo hapo kabla hajaondoka mjini. Kliniki isiyoweza kuahidi siku hizo mbili isiiweke toriki kwa mtu wa mbali, hata kama ana fedha mkononi.

Lakini tusijidanganye kuhusu upasuaji wenyewe unavyofanyika mikoani. Kazi kubwa ya mtoto wa jicho katika Kongo ya mashariki, kama katika sehemu nyingi za Afrika, hufanywa kwa mkono: mkato wa milimita sita au saba kwenye weupe wa jicho, kiini kinatolewa kizima, lenzi ngumu ya plastiki inaingizwa, na mara nyingi hakuna uzi. Lenzi hizo zimekuwa za dola chache tangu Aurolab ya Madurai, India, ianze kuzitengeneza mwaka 1992, kisha viwanda vya taasisi ya Fred Hollows huko Nepal na Asmara. Asidharau mtu njia hiyo. Jaribio la Sanduk Ruit na wenzake nchini Nepal, lililochapishwa mwaka 2007, liliilinganisha na mashine inayosaga mtoto wa jicho kwa mawimbi ya sauti, katika wagonjwa 108. Baada ya miezi sita asilimia 89 ya waliopasuliwa kwa mkono waliona 6/18 (kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 18) au zaidi bila miwani, dhidi ya asilimia 85 ya mashine.

Tatizo ni kwamba toriki inataka kifuko kilichofunguliwa kwa tundu la mviringo lisilo na mpasuko, na lenzi iwe yote ndani yake. Katika upasuaji wa mkono wengi hufungua kifuko kwa kukitoboa-toboa kama mdomo wa kopo, au kwa kukichana mstari mmoja. Kifuko kilichochanika hakishiki mhimili. Kuweka toriki humo ni kubahatisha kwa bei ghali.

Wakati huohuo mkato wenyewe unatengeneza astigmatizimu, na hapa ndipo kuna faida ya bure inayoachwa mezani. Mkato mpana hulegeza konea upande ulipochanjwa. Watafiti wa India, Gokhale na Sawhney, walipima jambo hili mwaka 2005: mkato wa juu, ambao wengi tulifundishwa kwa sababu unafunikwa na kope, ulibadilisha konea kwa wastani wa dayopta 1.28; wa pembeni, upande wa sikio, 0.37; wa juu-pembeni, 0.20. Konea za wazee, kwa kawaida, tayari zimejikunja zaidi kwa ulalo kuliko kwa wima. Mkato wa juu unazidisha kosa hilo. Wa pembeni unalipunguza. Daktari anayehamisha kiti chake kutoka kichwani kwa mgonjwa hadi ubavuni, bila kununua kitu, amefanya sehemu ya kazi ya toriki, na kazi hiyo haigeuki usiku. Ugumu upo, mkono uliozoea kukaa juu husitasita ukiwa pembeni. Unajifunza.

Ili kuchagua upande ni lazima konea ipimwe. Kipimo cha mikono cha konea kinabebeka kwenye mkoba, na kinafaa kuingia katika kila msafara wa macho unaokwenda Ubundu, pamoja na kile cha urefu wa jicho. Misafara mingi hubeba lenzi za namba moja ya wastani na kumpa kila mtu. Matokeo yake ni watu waliopona upofu na kubaki na ukungu. Shirika la Afya Duniani limeacha kuhesabu macho yaliyopasuliwa pekee. Lengo lililopitishwa mwaka 2021 kwa ajili ya 2030 linahesabu waliopasuliwa na wanaoona angalau 6/12 kwa hali wanayotembea nayo, ikiwa ni pamoja na miwani kama wanayo. Mwenye astigmatizimu ya dayopta 2 isiyorekebishwa yuko hatarini kukosa kuingia kwenye hesabu hiyo hata kama upasuaji wake ulikuwa wa kupigiwa mfano.

Miwani, basi. Wiki sita hadi nane baada ya upasuaji konea imetulia, na hapo ndipo mtu apimwe na kupewa kioo chenye silinda, yaani nguvu ya kurekebisha astigmatizimu, na mhimili wake. Miwani ya kuokota sokoni, ile yenye namba moja pande zote, haina silinda. Muuguzi mmoja aliyefundishwa kupima miwani katika hospitali ya rufaa ya Ubundu, mwenye sanduku la vioo vya majaribio na njia ya kuagiza kutoka Kisangani, angewasaidia wengi kuliko sanduku la toriki. Miwani ikipinda puani mtu huinyoosha kwa kidole.

Huyo muuguzi angefanya pia jambo la pili: kurudisha namba mjini. Katika hospitali ya Kikuyu nchini Kenya, David Yorston na wenzake walionyesha katika makala ya mwaka 2002 kwamba madaktari walipoanza kufuatilia kwa utaratibu jinsi wagonjwa wao wanavyoona baadaye, matokeo ya upasuaji yaliboreka. Hawakununua mashine mpya kwa ajili hiyo. Daktari wa Kisangani ambaye hajui wagonjwa wake wa Ubundu wanaona nini wiki ya nane ataendelea kuchanja juu miaka ishirini.

Toriki itakuwa na nafasi yake. Mwalimu au fundi mwenye astigmatizimu ya dayopta 2 na zaidi, jicho lisilo na kovu, atakayepasuliwa kwa mashine na aliye tayari kukaa mjini hadi siku ya nane, awekewe. Ila kwa watu wa mtoni kuna hatua moja kabla. Wavuvi na wapiga kasia wa mto Lualaba, waliokaa juani na juu ya maji yanayorudisha mwanga tangu utotoni, mara nyingi wana kinyama kilichoota kutoka weupe wa jicho kuelekea kwenye konea, na kinyama hicho huivuta konea na kutengeneza astigmatizimu ambayo si yake. Kikitolewa, konea hubadilika kwa wiki kadhaa. Kipimo kilichochukuliwa kinyama kikiwepo, au siku chache baada ya kukatwa, hakifai kuchagulia lenzi wala upande wa mkato. Kitolewe kwanza, mgonjwa arudi baada ya mwezi, au mitatu kama kilikuwa kikubwa, konea ipimwe mara mbili kwa tarehe tofauti, na vipimo vikikubaliana ndipo lenzi iagizwe.